Kichujio cha wevugaidi cha GHz 10: kutoka kwenye karatasi hadi kwenye chuma

Simama chini ya mnara wa simu utazame juu. Utaona masahani ya duara yaliyoelekezwa kwenye minara mingine ng'ambo ya bonde. Nyuma ya sahani mara nyingi kuna kisanduku cha redio, na ndani ya kisanduku hicho kuna kipande cha alumini kilichochongwa vyumba kwa ndani. Hakina transista, hakina waya, hakili umeme. Kazi yake ni kupitisha masafa ya kiungo hicho na kuzuia mengine, hasa yale ambayo redio hiyohiyo inayarusha kwa nguvu huku ikijaribu kusikia mnong'ono uliosafiri kilomita nyingi. Ukikosea urefu wa chumba kimoja kwa mikroni 50, unene wa unywele wa kichwani, chumba hicho kinahama kwa zaidi ya MHz 14.

Kipande hicho ni kichujio cha wevugaidi, yaani cha bomba la chuma la mstatili linalopitisha mawimbi ya maikrowevu. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uhandisi au fundi wa redio ambaye anajua S11 (kipimo cha mawimbi yanayorudi) na S21 (kipimo cha yanayopita) ni nini, lakini kila akifungua programu ya uigaji anaishia kubahatisha vipimo. Tutabuni kichujio kimoja tu, cha chemba tatu (ndivyo tutakavyoviita vile vyumba), kwenye bomba la ukubwa sanifu uitwao WR-90. Nimechagua WR-90 kwa sababu maabara nyingi za vyuo zina adapta zake, na vipimo vyake vinachongeka kwa mashine ya kawaida. Ukishaielewa njia, kuhamia GHz 7 au GHz 15 ni kubadilisha namba.

Nawasihi wanafunzi wangu jambo hili kila mwaka: usibonyeze kitufe cha kuanzisha uigaji kabla hujaandika kwenye karatasi namba unayotarajia kuiona. Kompyuta itakupa jibu hata kama swali lako ni bovu. Karatasi ndiyo itakayokuambia kwamba jibu hilo halina maana.

1. Andika mahitaji, kisha yape nafasi

Tuseme redio yetu inatumia GHz 9.9 hadi 10.1. Tunataka nguvu inayorudi iwe chini ya ile iliyoingia kwa dB 20 au zaidi, hasara ya kupita isizidi dB 0.3, na kwenye GHz 9.5 kichujio kizuie kwa dB 20 au zaidi.

Wengi hapa huchukua 9.9 hadi 10.1 wakaanza kukokotoa. Hilo ni kosa, kwa sababu bendi unayobuni lazima iwe pana kuliko bendi unayohitaji. Alumini hutanuka kwa sehemu 23 katika milioni kwa kila digrii ya joto. Kwa kichujio cha GHz 10 hiyo ni kHz 230 kwa digrii moja, na bendi yote hushuka pamoja. Kati ya baridi ya alfajiri na jua la adhuhuri linalochoma kisanduku kilichofungwa juu ya mnara, digrii 40 ni jambo la kawaida: hapo umeshapoteza MHz 9. Fundi akikosea urefu wa chemba kwa mikroni 20, unapoteza karibu MHz 6 nyingine. Akikosea upana wa bomba kwa kiasi hichohicho, karibu MHz 4. Yote yakielemea upande mmoja, jumla ni karibu MHz 19.

Kwa hiyo tunabuni GHz 9.85 hadi 10.15. Tuna MHz 50 za akiba kila upande, na usiku tunalala.

2. Lijue bomba lako

WR-90 ina upana wa ndani a = mm 22.86 na kimo b = mm 10.16. Wimbi la kwanza linaloweza kusafiri ndani yake ni lenye mpangilio wa uga uitwao TE10, na masafa yake ya ukomo, c ikiwa kasi ya mwanga, ni

fc = c / 2a = GHz 6.557

Chini ya hapo hakuna kinachopita. TE20 inaanza GHz 13.11. Kati ya hizo mbili bomba lina njia moja tu, na matumizi ya kawaida ni GHz 8.2 hadi 12.4 ili tukae mbali na kingo zote mbili.

Urefu wa wimbi ndani ya bomba (λg) si ule wa hewani (λ0). Ni mrefu zaidi:

λg = λ0 / √(1 − (fc/f)²)

Kwenye GHz 10, λ0 ni mm 29.98 lakini λg ni mm 39.71. Kwenye GHz 9.85 λg ni mm 40.79, na kwenye GHz 10.15 ni mm 38.69. Tazama vizuri namba hizi: masafa yamebadilika kwa asilimia 3, lakini λg imebadilika kwa asilimia 5.3. Kichujio cha wevugaidi kinaishi kwenye λg, wala hakijui chochote kuhusu masafa. Ndiyo maana hesabu zote zinazofuata zinatumia upana wa bendi wa λg:

W = (40.79 − 38.69) / 39.74 = 0.0527

ambapo 39.74 ni wastani wa λg za kingo mbili. Mwanafunzi anayetumia 0.03 hapa hupata kichujio chembamba kupita alichokusudia, kisha anailaumu programu.

3. Kutoka namba g hadi namba K

Kichujio cha Chebyshev (aina yenye vilima vya S11 vilivyolingana ndani ya bendi) cha chemba tatu, chenye S11 ya dB −20 ndani ya bendi, kina namba hizi zinazoeleza umbo lake: g1 = 0.8516, g2 = 1.1032, g3 = 0.8516, na miisho yote miwili ni 1. Kinahitaji madirisha manne, yaani mapengo yanayounganisha chemba na bomba na chemba zenyewe kwa zenyewe: la kuingilia, mawili ya katikati, na la kutokea. Kwa kuwa kina ulinganifu, namba za kutafuta ni mbili tu:

K01 = √(π·W / (2·g1)) = 0.312
K12 = π·W / (2·√(g1·g2)) = 0.0854

K ni kipimo cha jinsi dirisha linavyounganisha pande mbili. Dirisha la nje liko wazi zaidi. Madirisha ya ndani ni finyu.

Kabla ya kuendelea, pima kama chemba tatu zinatosha. Hesabu ya kichujio bora kisicho na hasara inatoa uzuiaji wa karibu dB 25.6 kwenye GHz 9.5, hivyo sharti letu limetimia. Kwenye GHz 10.5 ni dB 20 tu, ingawa umbali kutoka katikati ni uleule. Na katika chuma halisi upande wa juu huwa dhaifu hata kuliko hapo, kwa kuwa madirisha hufunguka zaidi masafa yanapopanda. Kama adui yako yuko upande wa juu, ongeza chemba ya nne sasa, ukiwa bado na penseli mkononi.

Na hasara? Makadirio yake ni 4.343 × (jumla ya g) / (upana wa bendi kwa masafa × Q). Jumla ya g ni 2.81, upana ni 0.03. Q ni kipimo cha jinsi chemba inavyotunza nishati bila kuipoteza; chemba ya alumini iliyochongwa vizuri tuipe Q ya 4,000, ambayo ni chini ya ile ya nadharia kwa sababu ya mikwaruzo na maungio. Tunapata dB 0.1. Tuko salama, na hakuna haja ya kupaka fedha.

4. Dirisha moja kwa wakati mmoja

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke, na ndiyo inayorukwa zaidi. Watu huchora kichujio kizima, huwasha optimaiza (sehemu ya programu inayotafuta vipimo bora yenyewe), na kuiacha usiku kucha ikitangatanga kwenye vigezo saba. Asubuhi wanakuta mstari usiofanana na kichujio chochote.

Chora dirisha moja tu. Bomba la WR-90, katikati lina kuta mbili nyembamba zinazotoka kushoto na kulia na kuacha pengo la upana d katikati, kutoka sakafu hadi dari. Unene wa kuta hizo uwe mm 2. Unaweza kuchora nyembamba zaidi kwenye kompyuta, lakini ukuta mwembamba kuliko huo hutetemeka chini ya kisu cha mashine na kutoka umepinda.

Kwa dirisha lisilo na unene kuna fomula ya kuanzia, ambamo X ni riaktansi ya dirisha, yaani kipimo kingine cha uwazi wake:

X = (a/λg) · tan²(πd / 2a), na X = K / (1 − K²)

Inatupa d ya karibu mm 9.6 kwa dirisha la nje na mm 5.4 kwa la ndani. Hizo si namba za kupeleka karakana. Dirisha lenye unene ni bomba dogo lililo chini ya ukomo wake: lenye upana wa mm 6 lina ukomo wa karibu GHz 25, na wimbi la GHz 10 hufifia ndani yake kwa takriban dB 4 kila milimita. Milimita mbili za unene zinakula muunganiko mwingi, hivyo madirisha halisi yatakuwa mapana kuliko fomula inavyosema.

Hapa kuna mbinu nzuri inayokuepusha na mlolongo wa hesabu. Kwa dirisha lolote lenye ulinganifu na lisilo na hasara,

|S21| = 2K / (1 + K²)

Weka K zetu humo. Dirisha la nje lazima lionyeshe S21 ya dB −4.91 kwenye GHz 10. La ndani lazima lionyeshe dB −15.42. Basi. Badilisha d kuanzia mm 5 hadi mm 13 kwa hatua za nusu milimita, andika S21 ya kila moja, chora mstari kwenye karatasi ya grafu au kwenye lahajedwali, na usome d mbili zinazogusa namba hizo.

Katika kila d andika pia fezi (pembe ya wimbi) ya S11, uso wa rejea (mahali fezi inapoanza kuhesabiwa) ukiwa umesogezwa hadi kwenye uso wa dirisha lenyewe. Hilo la uso wa rejea ni la lazima. Ukisahau kuusogeza, fezi yako ina urefu wa bomba la poti (mahali mawimbi yanapoingilia au kutokea kwenye mfano) ndani yake na hatua inayofuata itaharibika yote.

5. Urefu wa chemba

Chemba haiwi nusu ya λg kamili. Madirisha yenyewe yanaazima kipande cha urefu. Ukiwa na fezi za S11 za madirisha mawili yanayoifunga chemba, kila moja ikiwa kati ya digrii 0 na 180, urefu wa umeme wa chemba ni wastani wa fezi hizo mbili. Kisha:

urefu = λg × (wastani wa fezi) / 360

Kwa madirisha yasiyo na unene, fezi ya la nje ni digrii 145.4 na ya la ndani ni 170.2. Wastani ni 157.8, na chemba ya kwanza inakuwa mm 17.42. Chemba ya kati ina madirisha ya ndani pande zote mbili, hivyo ni digrii 170.2, yaani mm 18.79. Zako zitatofautiana kidogo kwa sababu ya unene, lakini ukipata mm 14 au mm 23, rudi nyuma ukatafute kosa la alama au la uso wa rejea.

Seymour Cohn aliiweka wazi njia hii ya chemba zilizounganishwa moja kwa moja mwaka 1957, enzi za kikokotoo cha kuteleza na vitabu vya majedwali. Bado inatufikisha karibu kiasi cha kuridhisha.

6. Mfano mzima kwenye kompyuta

Sasa unganisha: dirisha, chemba, dirisha, chemba, dirisha, chemba, dirisha. Kila upande ongeza bomba tupu la mm 20 kabla ya poti. Kwa nini 20? Dirisha lenye ulinganifu huamsha TE30, ambayo kwenye GHz 10 haisafiri bali hufifia kwa karibu dB 3.1 kila milimita. Milimita 20 zinaizima kwa zaidi ya dB 60, na poti haioni kitu ila TE10.

Tumia ulinganifu uokoe muda. Ubapa unaopita katikati ya upana wa bomba ni ukuta wa sumaku, kwa kuwa uga wa umeme uko sambamba nao. Ubapa unaopita katikati ya kimo ni ukuta wa umeme. Hesabu yako inabaki robo, na kompyuta ya mkononi yenye kumbukumbu ndogo inaiweza. Isitoshe, kichujio hiki hakibadiliki kutoka sakafu hadi dari. Ukiacha hasara pembeni, kimo hakina athari kabisa, na unaweza kukipunguza hadi milimita moja wakati wa majaribio.

Kuhusu programu: HFSS na CST ndizo zinazotumika zaidi viwandani, na zina matoleo ya wanafunzi yenye mipaka ambayo yanatosha kwa robo ya kichujio hiki. openEMS ni ya bure kabisa na inakuja na poti za wevugaidi, ila hufanya kazi kwa muda wala si kwa masafa. Kichujio chembamba huendelea kuvuma muda mrefu baada ya pigo kuingia, kama kengele, na ukiikata hesabu mapema utaona mawimbi ya uongo juu ya mstari wa S11. Iache nishati ishuke hadi dB −60. Pia hakikisha kila kingo ya dirisha imelala juu ya mstari wa gridi. Ikianguka kati ya mistari miwili, programu itaisogeza yenyewe bila kukuuliza. Kwa kuchora matokeo na kuyalinganisha, scikit-rf ya Python ni ya bure na inatosha.

Uaminifu wa meshi, yaani vile vipande vidogo ambavyo programu hukigawa kichujio, usiupime kwa macho. Isage meshi iwe ndogo zaidi, rudia hesabu, angalia katikati ya bendi imehama kwa kiasi gani. Ikihama zaidi ya MHz 1, bado. Sehemu inayohitaji meshi ndogo kuliko zote ni kingo kali za madirisha, kwa sababu hapo ndipo uga hujikusanya.

Jambo dogo lenye uzito: ndani ya kichujio kuna nini, ombwe au hewa? Hewa ina kipimo cha karibu 1.0006, na tofauti hiyo inashusha bendi kwa MHz 3. Chagua hewa.

7. Kusogeza vipimo vinne

Ukifuata hatua zilizotangulia, mstari wa kwanza wa S11 utafanana na kichujio tayari, ingawa utakuwa umepinda. Unachotafuta ni mabonde matatu, karibu GHz 9.87, GHz 9.995 na GHz 10.13, na vilima kati yake vikiwa vimegusa dB −20. Vigezo vyako ni vinne tu: madirisha mawili na urefu wa chemba mbili. Vingine ni vivuli vyake.

Soma mstari kabla ya kuwasha optimaiza. Bendi nzima imehama bila kubadilika umbo? Urefu wa chemba zote unahitaji kusogezwa pamoja, kwa kiwango cha karibu MHz 0.29 kila mikroni. Bendi ni pana mno? Madirisha ya ndani yako wazi mno. Unaona bonde moja kubwa na mengine yamemezwa? Mara nyingi chemba ya kati haiko kwenye masafa ya wenzake. Rekebisha kwa mkono hadi uone mabonde matatu, ndipo umpe optimaiza kazi, na umfungie ndani ya mm 0.3 juu na chini ya kila kipimo. Akianzia karibu namna hiyo, anamaliza haraka.

Halafu tikisa. Badilisha kila kipimo kwa bahati nasibu ndani ya mikroni 20, mara mia moja, na uchore mistari yote mia juu ya mmoja. Ukiona S11 inapanda hadi dB −14 kwenye baadhi ya mistari, hujakosea popote. Umeambiwa mapema kwamba utahitaji skrubu za kurekebishia.

8. Kuchora kwa ajili ya fundi

Kuna njia mbili za kukigawa kichujio ili kichongeke. Ya kwanza ni kukipasua katikati ya ukuta mpana, nusu mbili zinazofanana kama maganda ya karanga. Kwa TE10 hakuna mkondo unaovuka mstari huo, hivyo hasara ni ndogo hata kama muungano si kamili. Lakini katikati ya ukuta mpana ndipo skrubu za kurekebishia zinapokaa, na kutoboa tundu la skrubu juu ya mpasuko ni balaa. Ya pili ni sinia na mfuniko: unachonga sinia yenye kina cha mm 10.16 na kuifunika. Skrubu zinakaa vizuri kwenye mfuniko, ila mkondo unavuka muungano, kwa hiyo mfuniko unahitaji skrubu za kufungia nyingi, karibu kila sentimita moja, na zaidi pembeni mwa kila dirisha. Kwa kichujio cha kwanza mimi nashauri sinia na mfuniko. Utahitaji kurekebisha.

Kisu cha duara hakichongi pembe kali. Kisu cha kipenyo cha mm 4 kitaacha pembe zenye nusu kipenyo cha mm 2 pale dirisha linapokutana na ukuta mwembamba. Ziweke kwenye mfano wa kompyuta. Kwa mm 2 athari kwenye chemba ni ndogo, karibu MHz 1, kwa sababu pembeni kabisa uga ni hafifu. Lakini athari hiyo hukua kwa nguvu ya nne ya nusu kipenyo. Fundi akitumia kisu cha mm 8 ili kumaliza haraka, bendi inapanda kwa MHz 10 au zaidi. Andika ukubwa wa kisu kwenye mchoro.

Na andika jambo jingine, ambalo nililijua kwa kuumia. Kichujio changu cha kwanza kilirudi kutoka karakana kikiwa kinang'aa, vipimo vyote vya mikromita sawasawa. Kwenye meza ya vipimo bendi ilikuwa pana na imeshuka, na S11 haikufika hata dB −13. Nilikaa siku mbili nikikagua meshi, poti, faili la mchoro. Siku ya tatu nilifungua mfuniko na kupitisha ukucha kwenye kingo ya dirisha la kwanza. Ukucha uliteleza. Kingo iliyopaswa kukwaruza ilikuwa laini kama ukingo wa sarafu ya zamani. Fundi, kwa ustaarabu wa kazi yake, alikuwa amepitisha tupa laini kwenye kila kingo ili mteja asijikate. Robo milimita iliyoondoka hapo ilikuwa imefungua madirisha yote manne. Mchoro wangu haukuwa umemwambia asifanye hivyo.

Tangu siku hiyo kila mchoro wangu una mshale unaoelekea kwenye kila dirisha, na maneno haya kwa herufi kubwa: KINGO HII IBAKI KALI, ONDOA CHENGA TU. Nenda pia karakana ukaongee naye. Mwonyeshe dirisha, mweleze linafanya nini. Fundi anayejua sababu hukupa kazi bora kuliko fundi aliyepewa namba tupu.

Mengine kwa ufupi. Chora chemba zikiwa fupi kwa mm 0.1 kuliko hesabu, ili bendi ikae juu kwa karibu MHz 29, maana skrubu inayoingia katikati ya chemba hushusha masafa tu, haiwezi kuyapandisha. Uso wa flanji (bamba la kuungia bomba na bomba) usawazishwe baada ya sinia na mfuniko kufungwa pamoja, vinginevyo utabaki na ngazi ndogo pale vinapokutana. Uso wa ndani uwe laini kadiri mashine inavyoweza, kwa sababu kwenye GHz 10 mkondo hutembea ndani ya mikroni moja hivi ya juu ya chuma. Na kama kichujio kitakaa pwani, Tanga au Mombasa, kipakwe kinga ya kutu kabla ya chumvi ya hewani kufika kwenye muungano wa mfuniko.

9. Meza ya vipimo

Sawazisha VNA (mashine inayopima S11 na S21) kwenye flanji, si kwenye kebo. Njia ya TRL (thru, reflect, line) ndiyo inayofaa bomba: kwanza unganisha adapta mbili moja kwa moja, kisha weka bamba la chuma kwenye kila upande, kisha weka kipande cha bomba chenye robo ya λg, ambacho kwetu ni mm 9.93. Vipande hivyo vitatu unaweza kuvichonga kwenye karakana ileile. Futa nyuso za flanji kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na kaza skrubu nne kwa kuvuka, kama unavyokaza nati za gurudumu la gari. Baada ya kusawazisha, unganisha tena adapta mbili na uangalie: S11 ikiwa juu ya dB −35, rudia.

Funga kichujio. Skrubu zote za kurekebishia zikiwa nje, bendi inapaswa kuonekana juu ya GHz 10. Ingiza skrubu za chemba tatu kwa zamu, robo ya mzunguko kila mara, ukitazama S11. Anza na ya kati, kisha za pembeni kwa kiasi sawa. Utaona bendi ikitelemka na mabonde yakijitenga. Kama umeweka skrubu kwenye madirisha pia, kumbuka kila moja huongeza muunganiko na kushusha kidogo chemba za jirani, hivyo baada ya kuigusa rudi kwenye chemba.

Vilima vikishuka chini ya dB −20, shika skrubu isizunguke kwa bisibisi huku ukikaza nati yake ya kufungia kwa spana. Hapo mstari utaruka kidogo, kwa sababu nati huivuta skrubu nje kwa nafasi iliyomo kwenye hesi. Ilegeze, ingiza skrubu zaidi kwa kiasi kile kile ulichoona ikiruka, kaza tena. Kwa skrubu tatu kazi hii inaweza kuchukua saa nzima. Kisha pasha kichujio kwa kikausha nywele, tazama bendi ikishuka taratibu, kiache kipoe, na upime kama kimerudi palepale. Kisiporudi, kuna skrubu ya mfuniko iliyolegea mahali fulani.